Chanjo ya korona na moyo: wamehesabu nini, na wamehesabuje

Mchezaji akidondoka uwanjani, au msanii akifariki ghafla, hata familia haijatoa taarifa tayari komenti zimejaa "chanjo hiyo", "si tuliwaambia". Halafu wanakuja wale wa upande wa pili na "acheni uzushi nyie, chanjo haina shida yoyote na moyo". Wote wawili wamekosea, na mimi binafsi huyu wa pili ananiudhi zaidi manake anajiona ndo mwenye sayansi. Kuna chanjo za korona ambazo kweli imethibitika zinaleta tatizo la moyo kwa watu wachache sana, wengi wao vijana wa kiume, na hilo limeandikwa kabisa kwenye maelezo ya chanjo zenyewe tangu Juni 2021. Kinachochanganya watu ni jinsi lilivyojulikana, kwa sababu ukimwangalia mgonjwa mmoja peke yake huwezi kulijua, hata uwe daktari bingwa.

Tuanze na tatizo lenyewe. Moyo ni msuli, na msuli huo unaweza kuvimba kwa ndani pale kinga ya mwili inapouingilia na kuanza kuziumiza seli zake, hiyo ndo wataalamu wanaita mayokadaitisi. Ukivimba ule mfuko unaoufunika moyo kwa nje wanaita perikadaitisi, na mara nyingi vinakuja pamoja. Hapa usichanganye na moyo kupanuka, ule ambao wengi tumeusikia kwa wazee wenye presha ya muda mrefu, wala na shambulio la moyo ambapo mshipa unaziba. Hivyo ni vitu vitatu tofauti na kwenye voisi za WhatsApp vinatajwa kama kitu kimoja.

Na ugonjwa huu haukuja na korona. Kwa makadirio ya dunia, kwenye kila watu 100,000 kama 10 mpaka 20 wanaupata kila mwaka, na sababu kubwa ni virusi, virusi vya kawaida tu, kuanzia vya mafua mpaka vile vya kusumbua tumbo. Vijana wa kiume ndo wanaupata zaidi hata bila chanjo. Hiyo iweke akilini, tutairudia.

Sasa chukua kijana wa miaka 17, mfano tu. Kachoma dozi ya pili Jumatatu, Jumatano usiku kifua kinaanza kumuuma, akilala chali kinazidi, akikaa akainama mbele kinapungua. Hospitali wanampiga ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, mistari inatoka juu sehemu ambayo haikutakiwa kuwa juu. Wanachukua damu wanapima troponini, hiyo ni protini inayokaa ndani ya seli za msuli wa moyo, ikionekana nyingi kwenye damu ujue kuna seli zimeumia zikaivujisha. Wanafanya eko kuangalia moyo unavyosukuma, na mara nyingi unasukuma vizuri tu. Wenye mashine wanamalizia na MRI ya moyo, ile picha ya ndani inayopigwa kwa sumaku. Analazwa siku kadhaa, anapewa dawa za kushusha uvimbe na maumivu za aina ya ibuprofen, anaambiwa mpira asiguse kwa miezi 3 mpaka 6, anarudi kwao.

Je, ni chanjo? Pale kitandani daktari hawezi kukujibu kwa uhakika. Kijana yuleyule angepata kirusi cha mafua wiki iliyopita ECG ingekuwa hivyohivyo, troponini hivyohivyo, na maumivu hivyohivyo. Hakuna kipimo kinachotoka na jibu "hii imetoka kwenye chanjo". Kinachobaki ni kuhesabu watu wengi.

Fikiria mtu anayesema maharage yanampa kiungulia. Jana kala maharage, usiku kiungulia kikamtesa, keshaamua. Lakini kama huwa anapata kiungulia hata siku za wali na samaki, basi jana haijakuambia kitu. Cha kufanya ni kuhesabu siku zote alizokula maharage, kiungulia kilikuja mara ngapi, halafu siku ambazo hakula, kilikuja mara ngapi. Tofauti ya hizo hesabu mbili ndo shtaka la maharage. Utafiti wa chanjo na moyo, ukiuvua misamiati yote, ni huo huo, shughuli pevu iko kwenye kuhesabu bila kujidanganya.

Hatua ya kwanza ni malalamiko. Marekani wana mfumo unaitwa VAERS, upo tangu 1990, na yeyote anaweza kupeleka ripoti, daktari, muuguzi, hata mzazi. Na kwa chanjo za korona watoa huduma walitakiwa kuripoti kila kifo kilichotokea baada ya chanjo hata kama hawaoni uhusiano wowote. Sasa hapo ndo penye mchezo, manake watu wanachukua jumla ya ripoti zile wanapiga skrinishoti wanaandika "vifo vilivyosababishwa na chanjo", wakati ile ni orodha ya vilivyotokea baada ya chanjo, ni siku za maharage tu zile, siku za wali hazimo. Lakini pia usije ukaidharau. Kazi ya orodha hiyo ni kupiga filimbi mapema, na safari hii ilipigwa kweli. Walipokaa kuzichambua ripoti za Desemba 2020 mpaka Agosti 2021, zilizotaja moyo kuvimba zilikuwa 1,991, wakazipitia moja moja, zilizokidhi vigezo vya ugonjwa zikabaki 1,626. Waliochanjwa kwa chanjo za mRNA, yaani Pfizer na Moderna, zinazozipa seli maelekezo ya kutengeneza kipande cha kirusi ili kinga ikijue, walikuwa zaidi ya milioni 192, dozi zaidi ya milioni 354.

Ukiishia kwenye jumla hiyo utasema mbona ni kitu kidogo. Ila ukigawanya kwa umri na jinsia picha inabadilika kabisa. Wagonjwa wengi walikuwa wanaume, nusu yao hawajavuka miaka 21, dalili zilianza kama siku 2 baada ya sindano, na zaidi ilikuwa dozi ya pili. Kwa wavulana wa miaka 16 na 17 waliopata dozi ya pili ya Pfizer, wagonjwa walikuwa karibu 106 kwa kila dozi milioni. Ajali tu isingejipanga hivyo, umri mmoja, jinsia moja, dozi moja, siku zilezile. Bahati mbaya inasambaa ovyo, hii ilikuwa imejazana sehemu moja.

Israel nao waliliona mapema, na sababu ni rahisi. Walianza kuchanja Desemba 2020, karibu wote kwa Pfizer, na watu wao wote wako kwenye mifuko minne ya bima ya afya yenye kumbukumbu za kompyuta za miaka mingi. Hesabu ya wizara yao ya afya ilitoka hivi: vijana wa kiume wa miaka 16 mpaka 19, baada ya dozi ya pili, mgonjwa 1 kwa kila 6,637. Wasichana wa umri huohuo, 1 kwa kila 99,853. Mimi hizo namba mbili zikikaa pamoja ndo zilinifanya niache kubishana na watu kwa maneno ya jumla jumla, manake "chanjo ni salama kwa moyo" na "chanjo ni hatari kwa moyo" zote hazina maana kama hujasema moyo wa nani.

Hatua ya pili ni kulinganisha na kile ambacho kingetokea hata bila chanjo, hii ndo ile ya 10 mpaka 20 niliyosema uiweke akilini. Unachukua ugonjwa ulikuwa ukitokea kiasi gani miaka ya kabla ya korona, unapiga hesabu kwa idadi ya waliochanjwa, unapata "tulitegemea wagonjwa kadhaa", halafu unahesabu waliotokea. Mwaka 2024 zilitoka hesabu za namna hiyo za watu milioni 99 kutoka nchi nane, zikiwemo Argentina, Denmark na New Zealand, na kwa dozi ya pili ya Moderna wagonjwa wa moyo kuvimba walikuwa kama mara 6 ya waliotegemewa. Mara 6 inatisha ukiisoma kichwani mwa habari, lakini mara 6 ya kitu kidogo sana bado ni kidogo, na mtu akikutajia "mara" bila kukutajia "ya ngapi" muulize kwanza.

Njia hiyo nayo ina shimo lake. Waliochanjwa na wasiochanjwa hawafanani, mmoja anakwenda hospitali kila akikohoa, mwingine hata akitapika anasubiri, mmoja mzee, mwingine kijana. Ndo watu wa takwimu wa Uingereza miaka ya 1990 wakaleta ujanja mwingine, kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe. Unachukua wagonjwa tu, kila mmoja unaangalia siku zake 28 baada ya sindano na siku zake nyingine zote za mwaka, ugonjwa ulimpata lini. Kama sindano haihusiki, tarehe za ugonjwa zitasambaa sawasawa. Kama inahusika, zitarundikana baada ya sindano. Mvuta sigara analinganishwa na yeye mvuta sigara, mwenye kisukari na yeye mwenye kisukari.

England waliifanya hiyo kwa watu zaidi ya milioni 38. Kwa kila watu milioni, waliougua zaidi ya kawaida baada ya dozi ya kwanza walikuwa 2 kwa AstraZeneca, 1 kwa Pfizer, 6 kwa Moderna, na dozi ya pili ya Moderna ilikuwa 10. Waliokutwa na korona yenyewe, 40. Hiyo namba 40 ndo wapenzi wa chanjo wanaipenda, wanasema unaona, ugonjwa ni mbaya kuliko chanjo, na kwa jumla ya watu ni kweli, hata Israel walipata picha hiyohiyo, ziada ya kama 3 kwa watu 100,000 baada ya chanjo na 11 baada ya maambukizi. Lakini watafiti haohao wa England waliporudi baadaye wakatenga wanaume wa chini ya miaka 40, dozi ya pili ya Moderna ilitoa 97 kwa milioni na korona ilitoa 16. Yaani kwa kundi hilo moja na chanjo hiyo moja hesabu iligeuka. Wengi wanaochangia mada hii wanasoma namba ya kwanza wanaiacha ya pili, au kinyume chake, kutegemea yuko timu gani.

Na serikali zilishaanza kuchukua hatua kwa takwimu za namna hiyo hata kabla namba hiyo haijatoka. Oktoba 2021 Sweden ilisimamisha Moderna kwa waliozaliwa 1991 na kuendelea, Finland ikaizuia kwa wanaume wa chini ya miaka 30, hao wakawa wanapewa Pfizer. Inaeleweka, dozi ya Moderna ilikuwa na maikrogramu 100 za mRNA na ya Pfizer 30. Ontario kule Canada wakagundua pia kwamba ukiacha wiki nane au zaidi kati ya dozi ya kwanza na ya pili, badala ya mwezi mmoja, wagonjwa wanapungua. Nchi za Skandinavia zinaweza kazi hii manake Denmark, kwa mfano, kila mtu ana namba yake moja tangu 1968, namba hiyo iko kwenye chanjo, iko hospitali, iko hata kwenye cheti cha kifo, wanaunganisha mafaili kwa dakika. Kwetu mtu akihama hospitali anafunguliwa faili jipya na jina limeandikwa tofauti, sasa nani atajua huyu wa kifua kinachouma alichanjwa lini na nini.

Kuna swali linaulizwa sana na ni swali zuri: mbona hawakuliona kwenye majaribio, walikuwa wanaficha? Tupige hesabu. Jaribio la Pfizer la watoto wa miaka 12 mpaka 15 lilikuwa na waliopata chanjo halisi 1,131. Wavulana tuseme nusu, kama 565. Baadaye Marekani walipata kwa wavulana wa umri huo kama wagonjwa 71 kwa dozi ya pili milioni. Kwa wavulana 565 hiyo inatoa 0.04 ya mgonjwa. Ungelirudia jaribio lile mara 25 ndo ungetegemea kumwona mmoja, na huyo mmoja ungesema ni kirusi. Hata jaribio kubwa la watu wazima, watu zaidi ya 43,000, nusu yao ndo walichanjwa na vijana wa kiume humo ni sehemu tu. Madhara ya nadra yanaonekana chanjo ikishafika kwa mamilioni, hakuna njia ya mkato, na ndo maana kazi ya kufuatilia haitakiwi kuisha siku chanjo inapoidhinishwa.

Sasa kwa sisi wa huku. Tanzania ilianza 28 Julai 2021, Rais Samia akachanjwa hadharani Ikulu, na mzigo wa kwanza ulikuwa dozi zaidi ya milioni moja za Janssen, ile ya Johnson & Johnson ya sindano moja. Kenya ilianza Machi 2021 na AstraZeneca. Hizo mbili si mRNA. Tatizo lililozipa sifa mbaya lilikuwa jingine kabisa, damu kuganda huku chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zikishuka. Marekani ilisimamisha Janssen kwa muda Aprili 2021 baada ya wagonjwa 6 kwenye dozi zaidi ya milioni 6.8. Kwa hiyo bibi wa Mtwara aliyechoma Janssen 2021 na leo presha inapanda anaambiwa "ni ile mRNA imekuharibu moyo", mtu anamhukumu kwa kesi isiyo yake. Pfizer na Moderna zilikuja baadaye, zipo zilizotumika, lakini uliza kwanza mtu alichomwa ipi.

Wachezaji je? Marc-Vivien Foé alidondoka na kufariki Lyon, Juni 2003, Cameroon ikicheza na Colombia. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, moyo wake ulisimama kwa dakika 78 akiwa na Bolton, Machi 2012, akapona. Korona ilikuwa haijazaliwa. Christian Eriksen wa Denmark alipoanguka kwenye Euro, Juni 2021, mtandao ulikuwa umeshaamua ni Pfizer, mkurugenzi wa klabu yake ya Inter akatoka kusema hakuwa amechanjwa. Wanamichezo huwa wanakufa hivi kwa matatizo ya moyo ya kuzaliwa nayo, ila zamani ilikuwa habari ya siku mbili, leo kila klipu inashewa na kuwekewa maelezo.

Waliougua kweli wanaendeleaje? Ufaransa waliwafuatilia watu 4,635 wa miaka 12 mpaka 49 waliolazwa kwa moyo kuvimba, wakawagawa: baada ya chanjo, baada ya korona, na sababu nyingine. Ndani ya miezi 18, waliorudi kulazwa kwa tatizo hilohilo walikuwa asilimia 3.2 kwa wa chanjo, 4.0 kwa wa korona, 5.8 kwa wengine. Marekani, siku 90 na kuendelea tangu waliougua baada ya chanjo wapate dalili, madaktari walisema asilimia 81 wamepona. Inatia moyo, lakini 81 sio 100, na wapo ambao MRI bado inaonyesha alama kama kovu hata dalili zikiwa zimeisha, na hao lazima waendelee kuangaliwa kwa miaka. Kwa nini hasa inatokea bado wanachimba. Watafiti wa Boston 2023 walilinganisha vijana 16 waliougua na wengine 45 waliochanjwa wakawa wazima, kinga zao zilifanana, ila kwenye damu ya wagonjwa walikuta protini ya spaiki, ule mwiba wa kirusi ambao chanjo inauagiza mwili kuutengeneza, ikizunguka huru bila kunaswa. Kama hiyo ndo sababu au ni dalili tu, haijatatuliwa.

Na wala si mara ya kwanza. Marekani ilipowachanja wanajeshi wake ndui 2002 na 2003, kwa waliochanjwa mara ya kwanza 230,734, walipata 18 wenye moyo kuvimba. Chanjo iliyofuata ya ndui yenye kirusi hai, ACAM2000, ina onyo la kama mtu 1 kati ya 175. Ndo maana mpox (homa ya nyani, ambayo kirusi chake ni ndugu wa ndui na chanjo za ndui zinaikinga) ilipolipuka na Kongo ikaanza kuchanja Goma Oktoba 2024, chanjo iliyopelekwa ilikuwa MVA-BN, ambayo kirusi chake hakiwezi kuzaliana mwilini.

Siku hizi na chanjo za mRNA zilizoboreshwa namba zimeshuka. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani (FDA) mwaka 2025 iliandika kwenye karatasi ya maelezo kama 8 kwa dozi milioni kwa watu wa miezi 6 mpaka miaka 64, na 27 kwa milioni kwa wanaume wa miaka 12 mpaka 24.

Mtu akichanjwa chanjo yoyote halafu ndani ya wiki kifua kikaanza kuuma, au pumzi inabana, au moyo unadunda bila mpangilio, asikae nyumbani kusubiri akidhani ni yale maudhi madogo madogo ya mkono kuuma na homa, aende apimwe ECG na troponini. Na taarifa ipelekwe, Tanzania ni TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), Kenya ni Bodi ya Dawa na Sumu, au mwambie tu muuguzi aliyekuchanja aijaze. Iandikwe jina la chanjo, dozi ya ngapi, tarehe ya sindano na tarehe maumivu yalipoanza, manake ikikosa hivyo vinne hakuna anayeweza kuihesabu.